Mdogo wa Mtoto Mwenye Usonji: Kuyafuatilia Mapema Mawasiliano Yake

Katika nyumba ambayo mtoto wa kwanza ana usonji, ujauzito wa pili huja na swali ambalo mara nyingi halitamkwi. Baba hulinyamazia, bibi hulizunguka kwa mafumbo, na mama hulala nalo: je, na huyu naye? Mtoto akishazaliwa, familia hugawanyika. Wapo wanaomchungulia mtoto kila saa, wakitafuta dalili hata katika kupiga chafya. Wapo pia wanaoamua kutotazama kabisa, wakiamini kwamba kulitaja jambo ni kuliita.

Katika miaka ishirini na kitu iliyopita, watafiti wa nchi kadhaa wamewafuatilia watoto wa namna hii hasa, yaani wadogo wa watoto wenye usonji, tangu wakiwa wachanga hadi walipotimiza miaka mitatu. Waliyoyaona yanaweza kumfaa mzazi wa kata yoyote, na kifaa cha kwanza anachohitaji ni kadi ya kliniki ambayo tayari anayo nyumbani.

Hali yenyewe, na lawama zisizo na msingi

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na kushirikiana na wenzake. Huambatana na tabia za kujirudiarudia, mapenzi makubwa kwa vitu vichache, au hisia kali kupita kawaida kwa sauti, mwanga au mguso. Hauambukizi. Wapo wenye usonji wanaosoma hadi chuo kikuu na kufanya kazi, na wapo wasiosema hata neno moja, wanaohitaji kusaidiwa maisha yao yote. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 takriban mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa nao.

Anayelaumiwa kwa kawaida ni mama. Husemwa kwamba alivunja mwiko akiwa mjamzito, kwamba amerogwa, au kwamba ukoo wake ndio wenye kasoro. Inafaa ijulikane kwamba hata wasomi wa Ulaya na Marekani waliwahi kuanguka katika kosa hilo hilo. Baada ya daktari Leo Kanner wa Baltimore kueleza habari za watoto 11 mwaka 1943, zilifuata takriban miongo miwili ambapo wataalamu wenye majina makubwa walifundisha kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu mama yake hana upendo. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima chenye mwelekeo huo mwaka 1967. Akina mama wasio na hatia walibebeshwa aibu kwa maandishi ya kitaalamu.

Kilichosaidia kuvunja fikra hiyo ni uchunguzi wa mapacha uliochapishwa Uingereza mwaka 1977 na Susan Folstein na Michael Rutter. Waliwachunguza mapacha jozi 21, ambazo katika kila moja angalau pacha mmoja alikuwa na usonji. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Idadi hiyo ni ndogo, lakini ilitosha kuonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa, na tafiti nyingi zilizofuata zimelithibitisha jambo hilo. Urithi huo haubebwi na ukoo wa mke peke yake. Mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mara nyingi, tena, wazazi wote wawili hawana dalili yoyote.

Mmoja kati ya watano

Kwa kuwa urithi unahusika, ndugu wa tumbo moja wana uwezekano mkubwa kuliko watoto wengine. Mwaka 2011 kundi la watafiti waliounganisha takwimu za vituo vingi, wakiongozwa na Sally Ozonoff wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya watoto 664 waliofuatiliwa hadi umri wa miaka mitatu. Wote walikuwa na kaka au dada mwenye usonji. Asilimia 18.7 kati yao walithibitika kuwa na usonji. Mwaka 2024 kundi hilo lilirudia hesabu kwa watoto wengine 1,605, likapata asilimia 20.2. Kwa wavulana ilikuwa karibu asilimia 25, na kwa wasichana karibu asilimia 13. Familia iliyokwisha kupata zaidi ya mtoto mmoja mwenye usonji ilionyesha uwezekano uliozidi theluthi.

Takwimu hizo zilikusanywa mbali na Tanzania, na zisichukuliwe kama hesabu ya wilaya yoyote hapa nchini. Hata hivyo zinatoa kipimo cha kufikiria. Mtoto mmoja kati ya watano ni wengi kiasi cha kutopuuzwa. Wanne kati ya watano ni wengi zaidi, na mzazi anayeamka usiku kumulika uso wa mtoto kwa tochi ya simu anapaswa kuikumbuka hesabu hiyo ya pili pia. Miongoni mwa hao wanne, wapo ambao huchelewa kusema au hupata ugumu mdogo katika kushirikiana na wenzao bila kuwa na usonji. Nao hufaidika wakitambuliwa mapema.

Mazungumzo kabla ya maneno

Watu wengi husubiri neno la kwanza ndipo waseme kwamba mtoto ameanza kuwasiliana. Ukweli ni kwamba neno la kwanza hutanguliwa na takriban mwaka mzima wa mazungumzo mengine. Mnamo mwezi wa pili mtoto humtabasamia anayemtabasamia. Kufikia miezi sita hucheka kwa zamu na mtu, akinyamaza mwenzake anapotoa sauti, kisha akijibu. Kufikia miezi tisa huanza kufuata macho ya mama: mama akigeuka kutazama mlangoni, naye hugeuka. Kati ya miezi tisa na kumi na miwili hutoa mfululizo wa sauti kama ba-ba-ba na ma-ma-ma, huitika jina lake kwa kugeuka, hunyoosha mikono abebwe, na hujifunza kupunga mkono wa kwaheri.

Kisha, kuelekea mwaka mmoja na miezi michache baadaye, huja tendo ambalo wataalamu wa usonji hulitazama kuliko mengine: kuonyesha kwa kidole. Tendo hili lina sura mbili zinazofanana kwa nje, na ni vyema zitenganishwe. Mtoto anaweza kuonyesha ndizi iliyo mezani kwa sababu anaitaka. Hayo ni maombi. Lakini mtoto huyo huyo anaweza kuonyesha kuku anayepita na vifaranga, au pikipiki yenye king'ora, kisha akageuka kumtazama bibi usoni, kisha akarudi kumtazama kuku. Kuku hamtaki, anataka bibi naye amwone. Kutazama jambo pamoja na mtu mwingine, kwa ajili ya furaha tu ya kulitazama pamoja, ndiko mara nyingi hupungua au kukosekana kwa mtoto mwenye usonji. Anaweza kuomba, pengine kwa kuushika mkono wa mama na kuupeleka kwenye kikombe kana kwamba mkono huo ni kijiti, huku macho yake yasifike usoni kwa mama. Familia humsifu kwa kujua anachotaka, na haioni kwamba ile sura ya pili ya kuonyesha haijaja.

Sifa nyingine inayoficha jambo ni upole. Mtoto asiyelia anapoachwa na mama, asiyehangaika akipakatwa na mgeni, anayeweza kukaa saa nzima akizungusha kifuniko cha sufuria, husemwa kuwa mtoto mzuri asiyesumbua. Huenda ndivyo alivyo. Huenda pia ni mtoto ambaye watu hawamvutii kama kifuniko kinavyomvutia, na tofauti hiyo haijulikani bila kukaa mbele yake na kumwalika kucheza.

Kwa nini kutazama mara moja hakutoshi

Matokeo yaliyowashangaza watafiti wenyewe yalihusu wakati. Mwaka 2010 Ozonoff na wenzake walilinganisha watoto waliokuja kuthibitika kuwa na usonji na watoto waliokua kwa kawaida. Katika umri wa miezi sita, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kutazama nyuso, kwa kutabasamu wala kwa kutoa sauti za kumwelekea mtu. Tofauti ilifunguka baada ya hapo, polepole, na kufikia mwaka mmoja ikawa wazi. Watoto hao hawakuzaliwa wakiwa wamefunga macho kwa watu. Walitazama na kutabasamu, kisha mambo hayo yakapungua. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wazazi wengi, walipoulizwa, hawakuripoti upungufu huo, ingawa ulionekana katika vipimo vya watafiti. Hilo si kosa la mzazi. Kitu kinachopungua kidogo kidogo kila wiki ndani ya nyumba humzoesha kila anayekiona.

Utafiti wa Warren Jones na Ami Klin, uliochapishwa mwaka 2013, ulitumia kamera zinazofuata mwendo wa mboni za macho, ukagundua kwamba muda wa kutazama macho ya mtu ulianza kushuka kati ya mwezi wa pili na wa sita kwa watoto waliokuja kuwa na usonji. Kupungua huko hakuonekani kwa macho ya kawaida, na hakuna mzazi anayepaswa kujaribu kukupima kwa mtoto wa miezi mitatu.

Lililo ndani ya uwezo wa mzazi ni kutazama kwa vipindi, na ratiba ya vipindi hivyo ipo tayari. Nchini Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto anapofikisha miezi 9 na tena miezi 18. Siku hizo mbili, pamoja na siku ya kutimiza mwaka mmoja, zinaangukia karibu kabisa na kipindi ambacho mawasiliano ya mtoto hujidhihirisha. Jioni ya kuamkia kliniki, mzazi akae sakafuni na mtoto kwa robo saa na kuandika nyuma ya daftari aliyoyaona. Je, jina lake lilipoitwa kutoka nyuma, akiwa anacheza na hakuna aliyemgusa, aligeuka? Hujaribiwa mara mbili au tatu, kwa siku tofauti, kwa sauti ya kawaida. Je, huiga kupiga makofi? Je, huleta kitu ili kukionyesha, na si ili afunguliwe tu? Je, lipo neno au ishara aliyokuwa akiitumia mwezi uliopita ambayo sasa ameiacha? Kupoteza kitu alichokwisha kujifunza, katika umri wowote, ni sababu ya kwenda kituo cha afya bila kungoja siku ya kliniki.

Mtoto asiyeitika jina apimwe kusikia kwanza. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara yanaweza kupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri hufanana kwa mbali na mtoto asiyejali. Ajabu ni kwamba familia nyingi hurukia maelezo mengine kabla ya hilo. Husemwa kwamba wavulana huchelewa. Ni kweli kwamba kwa wastani hutanguliwa kidogo na wasichana, lakini hilo halielezi mvulana wa miezi 18 asiyeonyesha kitu kwa kidole. Husemwa pia kwamba amechanganywa na lugha mbili, Kiswahili cha baba na lugha ya bibi. Kusikia lugha mbili hakusababishi usonji, na mtoto wa lugha mbili hutazama, huonyesha na kuitika kama mwingine yeyote. Na desturi ya kutomkazia macho mtu mzima, ambayo watoto hufunzwa wakishapata akili, haimhusu mtoto wa mwaka mmoja mbele ya mama yake.

Chanjo isiachwe

Kulingana kwa umri wa chanjo na umri wa dalili kumezaa hofu inayodhuru. Mama anakumbuka kwamba mtoto wake wa kwanza aliacha maneno mawili matatu muda mfupi baada ya sindano, na kwa nia njema kabisa anamficha wa pili. Hofu hiyo ilienezwa na makala ya kitabibu iliyotoka Uingereza mwaka 1998 ikihusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Kwa wadogo wa watoto wenye usonji, lipo jibu mahususi zaidi. Mwaka 2015 ulichapishwa nchini Marekani uchunguzi wa watoto wapatao 95,000 wenye ndugu wakubwa, wakiwamo karibu 2,000 ambao ndugu zao walikuwa na usonji. Waliochanjwa hawakuwa na uwezekano mkubwa wa kupata usonji kuliko wasiochanjwa, hata katika kundi hilo la pili. Mtoto aliyekosa chanjo hajaepushwa na usonji, ila ameachwa wazi kwa surua, inayoua na kupofusha. Amekosa pia siku mbili ambazo muuguzi angemwona.

Kuanza nyumbani kabla ya majibu

Safari ya kupata uthibitisho inaweza kuwa ndefu, na wataalamu wa ukuaji wa watoto ni wachache. Kuna kazi isiyohitaji kungoja. Mwaka 2021 Andrew Whitehouse na wenzake nchini Australia walitoa matokeo ya watoto 103 walioanza kufuatiliwa kati ya miezi 9 na 14 kwa sababu walikuwa na dalili za mapema, si lazima kwa sababu ya ndugu. Nusu ya familia zilipata huduma ya kawaida. Wazazi wa nusu nyingine walirekodiwa video wakicheza na watoto wao, kisha wakaketi na mtaalamu kuitazama na kujifunza kutambua ishara ndogo za mtoto na kuzijibu. Katika umri wa miaka mitatu, asilimia 6.7 ya kundi hilo walifikia vigezo vya usonji, dhidi ya asilimia 20.5 ya kundi la kwanza. Huo ni utafiti mmoja, na hausemi kwamba usonji umeponywa. Unaonyesha kwamba namna mtu mzima anavyomjibu mtoto mchanga ina uzito.

Kiini cha mafunzo yale ni jambo lisilo na gharama. Mtu mzima hukaa uso kwa uso na mtoto, chini alipo. Hutazama mtoto anavutiwa na nini, kisha hujiunga hapo badala ya kumvuta kwingine: akigonga sufuria, naye hugonga. Hutoa sauti ile ile aliyoitoa mtoto, kisha hunyamaza na kungoja. Kungoja ndiko kugumu, kwa kuwa ukimya wa sekunde tano mbele ya mtoto huonekana mrefu. Kujifunika uso kwa khanga na kuufunua, kuimba wimbo wa vidole na kusita kabla ya neno la mwisho, kuficha kijiko na kukirudisha, yote humpa mtoto nafasi ya kuomba mchezo uendelee kwa jicho au kwa sauti.

Tatizo halisi ni muda. Katika nyumba yenye mtoto mkubwa anayehitaji kushikwa asikimbilie barabarani, kulishwa na kutulizwa, mdogo hushinda mgongoni au mkekani, na simu huwashwa ili anyamaze. Mgongo wa mama ni mahali pema, lakini kutoka huko mtoto haoni uso. Hapa ndipo shangazi, bibi na majirani wanapoweza kusaidia kwa kiasi kidogo kinacholeta tofauti: robo saa ya mchezo wa ana kwa ana, mara mbili kwa siku, wakati mama anamhudumia mkubwa. Au kinyume chake, wamshike mkubwa.

Na mkubwa asigeuzwe kuwa mfano wa kuogopwa. Watoto wenye usonji, hata wasiosema, mara nyingi huelewa zaidi ya wanavyoonyesha, na kumwambia mdogo mbele yake kwamba asije akawa kama kaka yake ni kumjeruhi mmoja na kumtisha mwingine. Mdogo akianza kupunga mikono au kuzungukazunguka kama kaka yake, huenda anamuiga tu, kama watoto wote wanavyoiga. Cha kuangalia ni kama anaendelea kutazama, kuonyesha na kuitika.

Pa kuanzia

Mlango wa kwanza ni kliniki ya mama na mtoto katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mzazi amweleze muuguzi mapema, bila kungoja kuulizwa, kwamba mtoto huyu ana ndugu mwenye usonji, na aombe jambo hilo liandikwe kwenye kadi. Penye mashaka, aombe rufaa ya hospitali ya wilaya, ambako mtoto anaweza kupimwa masikio na kuonwa na daktari, na kutoka hapo hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda, au Hospitali ya Taifa Muhimbili, wanakopatikana madaktari bingwa wa watoto na wa afya ya akili. Kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30 lipo dodoso la maswali 20 linalojibiwa na mzazi, ambalo mhudumu aliyefunzwa anaweza kulitumia. Majibu yake huonyesha nani achunguzwe zaidi, na hayathibitishi usonji.

Mtoto mkubwa ambaye hajawahi kutambuliwa rasmi apelekwe siku hiyo hiyo. Afisa Ustawi wa Jamii na afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri ndio wa kuonwa kuhusu shule na haki zake chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mtendaji wa Kata anaweza kumwelekeza mzazi kwao. Siku ya kwenda, abebe kadi ya kliniki, daftari lenye aliyoyaandika, na simu yenye video mbili tatu fupi za mtoto akicheza nyumbani, kwa kuwa chumbani kwa daktari watoto wengi hulala au hulia.